Mama anakuja na chumba cha vioo kina baridi

Tulivyokuja kuiona hii nyumba ya Leicester, Uingereza, mwaka 2023 kitu kilichonifanya niseme ndiyo hata kabla sijafungua kabati za jikoni ni kile chumba cha vioo cha nyuma, wenyewe wanaita konsavatori. Ilikuwa Juni, saa mbili usiku na jua bado lipo, bustani yote inaonekana, nikasema moyoni hapa ndo mama atakaa akija. Mi nimekulia Tanga, kwetu maisha yote yako barazani, mchele unachambuliwa barazani, wageni wanapokelewa barazani, nywele zinasukwa barazani, sasa nyumba za huku hazina kitu kama hicho, mtu akifunga mlango wake saa kumi jioni humwoni tena mpaka kesho. Kwa hiyo kile chumba kwangu kilikuwa ndo baraza.

Novemba ikafika. Yaani ule ule uzuri wa Juni ukageuka, asubuhi ukifungua mlango wa kwenda kule baridi inakupiga kifuani kama umefungua friji. Vioo vinatoa jasho, sakafu ya vigae huwezi kukanyaga bila kandambili na soksi. Desemba jua linazama saa kumi kasoro, kuanzia hapo chumba ni giza na barafu. Tukawa tunakitumia kuanikia nguo na kuwekea baiskeli za watoto, roho inaniuma kila nikipita.

Naandika hii kwa sababu kila msimu wa baridi ukianza kwenye magrupu yetu ya wasap ya Wabongo wa huku lazima mtu aulize "jamani hita gani nzuri ya konsavatori" na majibu yanakuja ishirini tofauti, kila mtu anasifia aliyonunua yeye. Nami nilijibiwa hivyo hivyo na nikapoteza hela na muda mwaka mzima. Sasa nimeshapita njia yote acha nieleze.

Kwanza chumba chenyewe ujue kikoje. Cha kwetu ni mita 3 na nusu kwa 4, chini kuna ukuta mfupi wa matofali, juu yake vioo vya tabaka mbili vya zamani, na paa ni polikaboneti, ile plastiki nyeupe yenye vijimirija vya hewa ndani, mvua ikinyesha kelele zake husikii hata mtu anayeongea pembeni yako. Kati ya nyumba na hicho chumba kuna mlango mzima wa nje, una kufuli na mpira wa kuzuia upepo. Huo mlango kumbuka, nitaurudia.

Msimu wa kwanza nilinunua hita ya feni, ile ndogo ya kilowati 2, pauni 25 tu. Inapuliza moto papo hapo, miguu inapata joto, unafurahi. Ukiizima, dakika kumi na tano chumba kimerudi kilikotoka, kama hukuwasha kitu. Basi tukawa tunaiwasha saa kumi jioni mpaka saa nne usiku watoto wakifanya homuwek kule. Piga hesabu, kilowati 2 kwa masaa 6 ni uniti 12, na msimu ule uniti moja ilikuwa inakaribia peni 28, hiyo ni pauni 3 na peni 36 kwa siku, kwa mwezi pauni mia. Pauni mia kwa chumba kimoja ambacho bado ukikaa karibu na kioo mgongo unaganda! Baba watoto akaiona bili akanyamaza, na mi namjua akinyamaza.

Nikashauriwa ninunue redieta ya mafuta, ile yenye mbavu mbavu na magurudumu, nikaambiwa hiyo haili umeme. Hapa naomba mnisikilize vizuri maana'ke hapa ndo watu wetu wengi wanaliwa hela. Hita yoyote ya umeme ya kawaida, iwe ya feni, ya mafuta, ya paneli, ya taa nyekundu, hata zile ndogo zinazochomekwa moja kwa moja kwenye soketi ambazo wanazitangaza feisbuku kwamba zinapasha nyumba nzima kwa peni kadhaa, zote uniti moja ya umeme inakupa uniti moja ya joto basi. Haizidi, haipungui. Ya mafuta ina faida yake, haina kelele, joto lake ni la taratibu na ukizima inabaki na moto kidogo, lakini ile tofauti ya bili uliyoahidiwa haipo. Ile ndogo ya kwenye soketi inakula umeme mdogo kwa sababu inatoa joto dogo, wati 400 au 500, kwenye chumba cha vioo Januari hiyo ni sawa na kuwasha mshumaa kwenye uwanja wa mpira. Usinunue. Kama umeshanunua itumie kwenye chumba kidogo kikavu, si bafuni.

Na jamani hizi hita za kilowati 2 au 3 msichomeke kwenye ekstensheni. Plagi ya huku mwisho wake ni ampea 13, kwa volti 230 hiyo ni kama kilowati 3, hita kubwa peke yake imeshaibana, sasa ukiiweka kwenye waya mrefu wa bei rahisi uliokunjwa nyuma ya kochi pamoja na tivii na chaja za simu, waya unachemka na huuoni.

Kosa lililoniuma zaidi ni la gesi. Nilipata hita ya mtungi, ile ya kusukuma yenye mtungi wa kilo 15 nyuma, nikaona hii ndo dawa, gesi ni rahisi kuliko umeme. Kweli ilipasha. Lakini wiki mbili hazikuisha vioo vinachuruzika maji kama vinalia, kochi limeanza kunuka, nyuma ya kabati ukuta una madoa meusi ya fangasi, kijana wangu ana pumu akaanza kukohoa usiku. Nilikuwa sijui kitu ambacho kumbe ni kemia ya sekondari tu, gesi ikiungua inatoa maji, kila kilo moja ya gesi inatoa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke wa maji. Mtungi wa kilo 15 basi ni zaidi ya lita 20 za maji, ndoo nzima, umeimwaga hewani ndani ya chumba chenye vioo baridi, na maji yanatafuta mahali pa baridi yatulie. Mafuta ya taa ni vile vile, lita moja ya mafuta kama lita moja ya maji. Ukifungua dirisha mvuke utoke, joto nalo linatoka. Na hapo sijasema habari ya kaboni monoksaidi, ile hewa ya sumu isiyo na harufu, hita ya moto isiyo na bomba la kutolea nje kwenye chumba kilichozibwa ni hatari tupu. Niliirudisha ile hita, ila kengele ya kaboni monoksaidi niliyoinunua wakati ule mpaka leo ipo ukutani.

Machi 2024 mama akapiga simu akasema safari hii anakuja kweli, anakuja Novemba anakaa miezi yake mitano na kidogo aone wajukuu. Nikafurahi nikaogopa. Mama ana miaka sabini na mbili, magoti yanamsumbua, na mama hawezi kukaa kwenye chumba cha ndani chenye mapazia, atasema amefungwa. Ndo nikaamua safari hii siulizi mtu hita gani nzuri, nakaa chini najiuliza maswali mengine kabisa: nani atakaa pale, saa ngapi mpaka saa ngapi, na joto linapotelea wapi.

Hilo la joto linapotelea wapi mpwa wangu anayesomea uinjinia ndo alinifundisha na si gumu. Kila ukuta au kioo au paa lina namba yake, inakwambia ni wati ngapi zinapita kwenye kila mita moja ya mraba kwa kila digrii moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Vioo vya tabaka mbili vya zamani vile ni kama 2.8, paa letu la plastiki la milimita 16 ni kama 2.4, wakati paa jipya lililowekwa vizuri sufi ya kuzuia joto lisitoke linashuka mpaka karibu 0.2. Unaona? Plastiki ile inapitisha joto mara kumi na zaidi. Tukapima, vioo kama mita za mraba 22, paa 16, tukaongeza sakafu na ule ukuta mfupi na upepo unaopenya, jumla ikaja kama wati 128 kwa kila digrii. Sasa nje digrii 2, ndani unataka 20, tofauti 18, zidisha, ni kilowati 2.3. Na hiyo ni saa yoyote ya siku unayotaka chumba kibaki hivyo. Nikaelewa kwa nini ile hita yangu ya feni ilikuwa inahangaika, ilikuwa ndogo kuliko shimo. Usiku wa anga jeupe lisilo na mawingu ni mbaya zaidi, paa linatoa joto moja kwa moja angani, ndo maana asubuhi yake unakuta hata ndani ya plastiki kuna barafu.

Basi kabla ya hita tukaziba. Fundi akabadilisha mipira ya milango miwili ya bustani iliyokuwa imekauka, akaziba pale paa linapokutana na ukuta wa nyumba ambapo ukiweka mkono ulikuwa unasikia upepo kabisa. Nikaweka zulia nene juu ya vigae na chini yake foma. Mapazia mazito, nikajifunza kuyafunga jua linapozama si ninapokwenda kulala. Hiyo yote ilikula kama pauni 300 na tofauti tuliiona wiki ile ile. Paa jipya tuliuliza bei, ni maelfu ya pauni, hatukuwa nazo, halafu ukitoa plastiki ukaweka paa zito lisilopitisha mwanga unaingia kwenye sheria za ujenzi, lazima lipitiwe na mkaguzi maana ile fremu ilitengenezwa kubeba plastiki nyepesi. Tukaliacha kiporo.

Sasa kwenye hita yenyewe. Wazo la kwanza la kila mtu ni kuvuta bomba la redieta kutoka boila ya nyumba, ule mtambo wa gesi unaopasha maji ya redieta, na kwa hesabu ya uniti gesi kweli ni rahisi, msimu wa 2024 kwenda 2025 ukomo wa bei wa Ofgem, wale wasimamizi wa bei za gesi na umeme, ulikuwa peni 6 na kidogo kwa uniti ya gesi na kama peni 25 kwa ya umeme, mara nne! Nikamwita fundi bomba, mzee mmoja mtaratibu sana, akaja akaangalia akaniambia ngoja nikwambie kitu kabla hujanipa hela. Huku Inglandi konsavatori inasamehewa sheria za ujenzi kama iko chini usawa wa ardhi, haizidi mita za mraba 30, imetenganishwa na nyumba kwa ukuta au mlango wa ubora wa nje, na joto lake linajitegemea, lina swichi na themostati yake, kile kidude cha kupangia digrii. Ukivuta redieta ya nyumba ukaiingiza kule, au ukitoa ule mlango wa katikati, msamaha unaweza kuondoka, inabidi uiombee idhini na chumba kifikie viwango ambavyo plastiki hii haitavifikia. Na siku ukiuza nyumba wakili wa mnunuzi anauliza makaratasi. Ndo maana nikasema kumbuka ule mlango. Watu wengi wanautoa ili sebule ionekane kubwa, matokeo yake nyumba nzima inapasha bustani.

Akaongeza jambo la pili ambalo nililiona la maana zaidi: redieta ya konsavatori inakaa kwenye kile kiukuta kifupi chini ya kioo, joto linapanda juu linapita kwenye kioo linatoka, na themostati ya nyumba iko koridoni, koridoni kukishapata joto boila inazima, konsavatori inabaki kama ilivyo. Ukiipandisha ili kule kupate joto, vyumbani watu wanalala bila shuka. Alikataa kazi yeye mwenyewe, Mungu ambariki.

Joto la sakafuni nilitamani sana, zile nyaya za umeme chini ya vigae, kwa sababu ya magoti ya mama. Zinatoa wati 150 mpaka 200 kwa mita ya mraba hivyo nguvu ipo. Tatizo sakafu yetu ni zege lililomwagwa juu ya udongo bila kitu chochote katikati, ungepasha ardhi ya Leicester kwanza ndo uje kujipasha wewe, ilibidi kuvunja na kuweka mbao za kuzuia joto lisishuke kisha vigae upya. Kama ndo unajenga konsavatori sasa hivi hili lifikirie mapema maana baadaye halirudi nyuma. Jiko la kuni wala sikulifikiria sana, bomba lake la moshi haliwezi kupita kwenye paa la plastiki hivi hivi, lazima fundi mwenye cheti au idhini ya wakaguzi wa ujenzi, na miji mingi ya huku ina maeneo ya kudhibiti moshi tangu ile sheria ya hewa safi ya 1956 baada ya moshi ule wa London wa 1952 ulioua maelfu ya watu.

Paneli za infraredi nilizipenda kweli. Rafiki yangu wa Reading anayo, ya wati 600, imening'inizwa juu ya kiti chake. Hii haipashi hewa, inakupasha wewe, kama unavyoota jua la saa tatu asubuhi ukutani huku kivuli bado cha baridi. Nilikaa chini yake nusu saa nikasahau kama nje kuna theluji, nikasogea mita moja na nusu kuchukua chai nikakumbuka. Kwa mtu anayekaa kule saa moja jioni na kitabu chake, namwambia bila kusita anunue hiyo asihangaike na kingine, kupasha chumba kizima cha vioo kwa ajili ya mtu mmoja saa moja ni kumwaga hela. Lakini mama angekaa kutwa, anainuka, anaswali, anacheza na mtoto chini, anapepeta vitu vyake. Huwezi kumwambia mama yako asitoke chini ya paneli.

Kwa hiyo nikaishia kwenye AC. Najua, nilivyomwambia mama kwenye simu nimefunga AC ili apate joto alinyamaza halafu akauliza, "Mwanangu, AC si ya baridi?" Kwetu Tanga AC ni ya kukimbia joto la Februari basi. Lakini hizi za sasa zinageuka, zinachukua joto la nje hata kama nje ni digrii 2, maana kwenye digrii 2 joto lipo bado, linakusanywa na ile gesi inayozunguka, kompresa inalibana linakuwa kali, linamwagwa ndani. Wenyewe wanaita pampu ya joto ya hewa kwa hewa. Na hapa ndo ile sheria ya uniti moja kwa uniti moja inavunjika, kwa sababu umeme hautengenezi joto, unalibeba tu kutoka nje, kwa uniti moja ya umeme unapata tatu za joto, siku nzuri nne. Peni 25 gawanya kwa tatu ni peni 8 na kidogo, imeshakaribia bei ya joto la boila bila kugusa bomba lolote la nyumba na ina rimoti na themostati yake, inajitegemea kama sheria inavyotaka.

Tulifunga Septemba 2024, pauni 1,800 pamoja na kazi. Fundi lazima awe na cheti cha kushika gesi za friji, F-gas wanaita, usikubali mtu anayekwambia anajua tu. Tulivutana kidogo kuhusu mahali pa kuweka ile mashine ya nje, mi nilitaka iwe pembeni isionekane, yeye akasema pembeni ni karibu na dirisha la chumba cha kulala la jirani, usiku itanguruma. Nikapiga simu kaunsili kuuliza kama nahitaji kibali, nikaenda kwa jirani, mama mmoja wa Kigujarati aliyezaliwa Jinja, tukaongea Kiswahili chake cha zamani kile cha kupendeza, akasema weka tu mwanangu ila isielekee kwangu. Tukaiweka nyuma kabisa juu ya miguu ya mpira.

Mama alifika Novemba, tukaiweka digrii 20 kuanzia saa moja asubuhi. Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni kwamba usiizime ukaiwasha kama hita ya feni. Nilikuwa nazima kila akitoka, kila nikiwasha inapiga kwa nguvu zote dakika arobaini. Nikajifunza kuiacha ikae digrii 15 usiku, asubuhi inapanda taratibu, na mita ikaonyesha inakula kidogo kuliko nilivyokuwa nawasha nazima. Tulikuwa tunatumia kama uniti 6 au 7 kwa siku ya baridi ya kawaida, yaani pauni moja na nusu hivi, kwa chumba chenye joto kutwa nzima, na mwaka uliopita masaa sita ya feni yalikuwa pauni tatu na zaidi.

Wiki ya pili ya Januari 2025 ndo ilikuwa mtihani. Baridi ilikamata nchi nzima, kijiji cha Altnaharra kule kaskazini ya Uskochi tarehe 11 walifika digrii 18.9 chini ya sifuri, kwetu kipima joto cha bustani kikasoma 5 chini ya sifuri asubuhi. Niko kazini napigiwa simu na mama, sauti inatetemeka, "Njoo haraka, ile mashine ya nje inaungua, inatoa moshi!" Nikamwambia zima, nikarudi mbio. Haikuwa moshi. Hewa ya huku ina unyevu mwingi, kwenye baridi ule unyevu unaganda kwenye koili ya nje kuwa barafu, kila baada ya muda mashine inasimama inajigeuza dakika chache iyeyushe barafu yake na ule mvuke unapanda kama moshi. Wakati huo ndani haipulizi joto. Ni kawaida kabisa lakini kama una mzee nyumbani mweleze mapema, mimi sikumweleza na alipata hofu bure. Na ukweli niuseme, siku zile tatu nne haikutosha, ilibaki digrii 17 na ile faida ya mara tatu ilishuka, jioni nikawa naongeza redieta ya mafuta karibu na kiti chake. Nilikuwa sijaiuza, na kwa siku chache za mwaka ni sawa.

Jioni moja mama akaniambia kwao Lushoto, mwezi wa saba baridi ikishuka kutoka mlimani, wanaingiza jiko la mkaa ndani na kufunga milango, kwa nini sisi tunahangaika hivi. Nikamwonyesha ile kengele ukutani nikamweleza kuhusu hewa ya mkaa, akakaa kimya muda mrefu kisha akanihadithia jirani yao, mtu na mkewe, waliokutwa asubuhi wamelala na jiko katikati. Hakuwahi kunihadithia hayo. Alikuwa siku zote anadhani walirogwa.

Alileta mbegu za pilipili na akanikuta na vijisufuria vyangu vya mchaichai na mndimu, ambao kabla ya hapo nilikuwa nauhamishia jikoni kila Oktoba. Kama shida yako ni mimea tu basi huenda usihitaji mengi ya niliyoyaandika juu, kuna hita za bomba nyembamba za wati 60 mpaka 120 zinawekwa chini ukutani na themostati, hazipashi chumba ila zinaisaidia mimea iliyo karibu nazo isipigwe na baridi kali. Ila ua moja halitaki hivyo. Mama alilikuta supamaketi akalishika akasema hili ni la kwetu, na kweli ni la kwetu, ile wanaita African violet imetoka milima ya Usambara, mwaka 1892 Mjerumani aliyekuwa bwana shauri pale Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona akatuma kwao Ujerumani, mwaka uliofuata likapewa jina lake, Saintpaulia. Leo liko kwenye madirisha ya bibi za Kiingereza nchi nzima na wengi hawajui Usambara ni wapi. Hilo chini ya digrii 15 linanuna, majani yanalegea, kwa hiyo likakaa meza moja na mama kule kwenye joto.

Februari likizo ya watoto tukampeleka bustani ya mimea ya Kew, London, kwenye ile Nyumba ya Mitende ya vioo iliyojengwa 1844 mpaka 1848. Alivyoingia tu miwani ikajaa ukungu, akaivua akasimama anacheka, akasema kumenuka Muheza. Mi nilikuwa naangalia chini. Wale wa zamani waliweka maboila ya makaa chini ya sakafu na moshi wakaupitisha kwenye handaki la chini kwa chini mpaka kwenye mnara ulio mbali ili masizi yasichafue vioo. Vioo vyote vile, na tatizo lao ni lile lile langu, ila wao walikuwa na serikali ya kulipia makaa.

Mama aliondoka Aprili. Kiangazi cha mwaka huu ile AC nikaigeuza, maana chumba hiki hiki mwezi wa saba kinakuwa tanuri, tukala chakula cha jioni kule wiki nzima bila mtu kulalamika, hicho sikukihesabu wakati nanunua. Simu zake sasa zinaanza na salamu halafu "chumba changu kina joto?" Nyuzi 19 leo, nimempigia picha ya rimoti nikamtumia.

Zimebaki hela za paa. Kwa hesabu za mpwa wangu likibadilishwa zile wati 128 zinashuka mpaka kama 93, kwa hiyo hata wiki kama ile ya Januari mashine peke yake itatosha bila redieta. Tumeweka akiba tangu Mei, mwenye kupima anakuja Jumamosi, na safari hii nataka waache dirisha moja la kioo juu upande wa mashariki, pale kiti cha mama kilipo.